Sikio la Mama Kwenye Gunia

Mama hakuwahi kupima mahindi kwa macho. Aliinama, akabana sikio kwenye gunia, akafumba macho, kisha akatoa hukumu: "Wapo," au "Hawapo." Dumuzi wakitafuna punje husikika, krr, krr, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Ni yeye aliyenionyesha, nikiwa mdogo, dundu wa samadi anavyolia akibanwa vidoleni. "Halii kwa mdomo, baba. Anasugua tumbo kwenye mbawa. Anakwambia umwachilie." Nilimwachilia mbio!

Mwaka huu nilitoka kazini Keumbu nikaenda nyumbani Nyaramba kumsalimia. Nilipoketi tu sebuleni, nikawasikia dumuzi nyuma ya ukuta, chumbani mwake, anamoweka magunia tangu wezi waingie ghalani. Hayo ndiyo mahindi ya kumfikisha mavuno mengine. Hana mengine.

"Mama, mahindi yanaliwa."

"Nimesikiliza asubuhi. Hawapo."

"Nawasikia kutoka hapa!"

"Wewe ulianza lini kujua wadudu?"

Ningeingia nikayatoa mwenyewe, lakini kwetu mwanamume aliyetahiriwa haingii chumba anacholala mama yake. Tunaiita chinsoni, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na mtoto, na haina cha dharura. Nikamwomba amwite mama jirani aingie. Akasema masikio yake hakuyaazima kwa mtu. Jamani, mama huyu! Basi nikakaa pale na kikombe changu, mtu mzima na nguvu zangu, hatua nne kutoka mlangoni, nikiwasikiliza wakila. Sikuwa na la kufanya, na iliniuma sana. Niliondoka kwa hasira, chai nimeiacha nusu.

Mwezi uliofuata nilikuta amelivuta gunia mwenyewe hadi sebuleni. Nilipolishika lilibonyea. Ndani kulikuwa na vumbi na maganda, na wadudu waliobaki bado wakikwaruza. Mama akainama, akabana sikio, akafumba macho kama zamani. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Bado wapo?" akaniuliza.

"Wapo, mama."

Hakusikia. Nikarudia kwa sauti, nikitikisa kichwa kukubali.

"Kwani nimekuwa hivi tangu lini?"

Mwaka mzima, kila nikija, nilikuwa nikimgombeza kwa nini hashiki simu.