Kivuli Kilichonitoa Shambani

Kabla ya shamba lile, ndoa yangu ilikuwa ya Krismasi hadi Krismasi. Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini Nairobi, akilala Ngara katika chumba cha uani cha mwenye duka Mhindi, yeye na wanaume wengine watatu. Mke hakuwa na pa kuweka hata mguu. Mimi nilibaki kwetu magharibi na mama mkwe, aliyeniuliza kila mara mjukuu anakawia nini, kana kwamba mimba huletwa na posta.

Halafu, katika miaka ile ya Hali ya Hatari, mume wangu akasikia ofisini kwamba bwana miti anatafuta watu wa kulima upande wa Kitisuru. Msitu wa pale ulikuwa umekatwa wote ukawa kuni, vikabaki visiki. Bwana miti, Mzungu mrefu asiyecheka, alitaka kujua ni njia ipi ingeurudisha upesi. Kipande cha kwanza alikizungushia ua, akakiacha kijiotee chenyewe. Cha pili alikipanda miche, akaajiri vibarua wa kufyeka nyasi mara moja moja. Cha tatu akatupa sisi: tupande mahindi na maharagwe katikati ya miche, na kibanda cha kukaa tupewe. Waliolima pale kabla yetu walikuwa wamepakiwa kwenye malori na askari, wakahamishwa. Siku ya kwanza jembe langu liligonga chungu chao. Nilikifukia tena nikanyamaza, kwa sababu nilitaka nyumba.

Nyumba nikaipata. Jioni mume wangu alirudi kutoka mjini kwa baiskeli, akala ugali niliousonga mimi. Mtoto wetu alizaliwa palepale kabla ya mwaka kwisha.

Sharti tuliambiwa mapema, nami nililisikia kwa sikio la mtu mwenye njaa: miti ikishafunga kivuli, mkulima anaondoka.

Kipande cha ua kiliota nyasi ndefu, na kiangazi moto ukakipitia. Kwenye kipande cha vibarua panga halikuiona miche ndani ya nyasi, likafyeka vyote pamoja. Changu kilistawi. Kilistawi hadi nikakichukia. Kila nilipopalilia maharagwe, nilikuwa nimeipalilia na miti.

"Mama watoto," mume wangu aliniambia jioni moja, "si uache nyasi kidogo? Hii miti inakimbia sana."

"Nyasi haichagui, baba watoto. Ikinyonga mti itanyonga na maharagwe. Tutakula nini?"

Tena shamba chafu nalo adhabu yake ilikuwa kufukuzwa. Basi nikapalilia huku naomba mvua ikose, mimi binti wa wakulima. Mvua haikukosa hata msimu mmoja.

Mwaka wa tatu maharagwe yalitoka membamba, meupe, yakitafuta jua. Yalichanua bila kuzaa. Bwana miti alikuja na wageni wake, akawaonyesha vipande vyote vitatu, changu mwisho. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Mama, kazi yako mzuri sana," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Hii iko namba moja. Sasa miti nakwisha kuwa kubwa, wewe nakwenda."

Nikamwomba kile kipande kilichoungua. Nikamwambia nitakipandisha msitu kama huu, anione.

"Hapana. Ile nakwisha uzwa. Watu nataka jenga nyumba."

Tenda wema nenda zako, walisema wahenga. Nilikuwa nikidhani ni shauri tu, kumbe kwangu mimi ilikuwa amri. Nilifunga sufuria na blanketi, na stesheni nililia mbele za watu bila aibu, mtoto mgongoni. Mume wangu alisimama ameshika baiskeli yake. Usiku ule alilala Ngara na wale wanaume.

Msitu wangu uliachwa usimame, nilikuja kuambiwa, na bwana miti akasifiwa kwa kuigundua njia iliyo bora. Sina kinyongo na miti. Nina kinyongo na kila kitu kingine.

Krismasi mume wangu alikuja nyumbani na mkate na sukari. Mtoto alijificha nyuma ya gauni langu, akanivuta, akaniuliza kwa sauti ndogo huyu mgeni ataondoka lini.