Hibo na Mstari wa y = mx + c

Hibo Ladan wa Matisi aliachishwa shule darasa la saba, akaozwa. Alipofikisha miaka arobaini na moja, Sufian na wadogo zake wakiwa wameshajitegemea, alijiandikisha katika darasa la watu wazima kule Kibomet. Kujumlisha na kugawanya hakukumsumbua. Kilichomtoa jasho ni ile y = mx + c. Mara tatu alichora mstari, mara tatu ukaenda kombo.

“Mama Sufian, usikimbize mkono,” mwalimu Walubengo, mzaliwa wa Bungoma, alimwambia Hibo. “C ni pale unaanzia, kwa huu mustari umesimama. M ni vile unapanda kila ukienda hatua moja kulia. Weka c kwanza, bana, ndio upande.”

Aliitikia kwa kichwa, lakini kichwani mlikuwa na ukungu mtupu.

Ijumaa moja msikiti wa mtaa ulikosa maji. Pampu ilitengenezwa, ikawashwa saa moja asubuhi, tangi likiwa na kina cha sentimita arobaini tu. Kufika saa tatu, Hamid, mtunza msikiti, alikuwa ameshika simu awatangazie watu watawadhe makwao.

“Hii pampu inajikokota. Tangi halitajaa kabla ya swala.”

Hibo, aliyekuja kufagia upande wa wanawake, akatazama alama zilizochorwa ubavuni mwa tangi. Maji yalikuwa yamefika mia.

“Saa mbili yalikuwa wapi?”

“Sabini.”

Hibo akahesabu kimoyomoyo. Arobaini, sabini, mia: thelathini kila saa! Akatoa daftari mkobani. Akatia nukta penye arobaini, akaenda hatua moja kulia, thelathini juu. Tena, na tena. Rula ikazipitia nukta zote, hakuna hata moja iliyokaa kando. Mstari ukafika mia na tisini, ukingo wa tangi, kwenye hatua ya tano.

“Saa sita limejaa. Usipige simu.”

“Ati mstari ndio umekwambia?”

“Ndio huo. Y ni thelathini x, ongeza arobaini. Pampu isipozimwa, itafika.”

Hamid akacheka, lakini simu akairudisha mfukoni.

Saa sita kamili maji yalifurika, yakamlowesha Hamid kanzu mpaka magotini. “Mashallah, Hibo! Mashallah!” akapaza sauti, na waliokuja kutawadha wakageuka kumtazama mwanamke mwenye daftari.

Jumatatu Walubengo alimkabidhi chaki, naye akalifundisha darasa zima mstari ule bila kusita. Miaka mitatu baadaye alifanya mtihani wa kidato cha nne, akapata B ya hesabu. Siku ya matokeo alizunguka Matisi yote kwa miguu, duka baada ya duka, akimwonyesha karatasi aliyeuliza na asiyeuliza.