Rambirambi Iliyomkumbatia Mama Mkwe

Hiki kisa sikisimulii nikiwa nimesimama, kwa hivyo ngojeni nivute kiti, na mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mwisho wake hauchekeshi. Kule upande wa Bungoma, kwao mke wangu, zamani nilijulikana kama mkwe mpole kutoka Kitale. Siku hizi mimi ni yule wa kukumbatia. Nikipita sokoni kwao utasikia mtu amekohoa, mwingine anajishika mabega kwa mikono yake mwenyewe, na mimi naangalia chini kama mtu aliyeangusha sindano. Nimeaibika, nimekubali, na kama ingekuwa aibu yangu peke yangu ningeibeba tu nikazeeka nayo. Lakini siku ile kilipotea kitu ambacho hakikuwa changu, na hicho ndicho kinanikaa moyoni.

Mimi nina duka la mbegu na dawa za mimea hapa Kitale. Kuongea naongea, waulizeni wateja wangu, lakini kuandika ni mambo mengine, kwa sababu ulimi wa kwetu haujawahi kugombanisha l na r, hizo ni ndugu, na vidole hufuata ulimi. Sasa kwao Nekesa (ndiye mke wangu) wana kikundi cha familia kwenye simu, na ndani yake yuko kaka yake, Mwalimu Juma, mtu ambaye hata ukituma picha ya ng'ombe atatafuta kosa. Siku moja niliwaandikia kwamba ninawaletea mahindi ya kula, nikaandika "mahindi ya kura". Mwalimu akanijibu mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, kwani unagombea kiti gani?" Walicheka wiki nzima. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Basi nikaweka kwenye simu programu ya kusahihisha maandishi. Ukiandika, inapiga mstari mwekundu chini ya neno bovu, unabonyeza, neno linanyooka. Nilijiona kama mtu aliyewekewa meno mapya, nikawa naandika hata mahali hapahitaji kuandikwa kitu. Mwanzoni nilikuwa nasoma kila neno lililobadilishwa. Baadaye nikagundua chini kabisa kuna kitufe kimeandikwa "Kubali Yote", na nikawa mtu wa kukubali yote. Mwalimu Juma mwenyewe aliniandikia, "Shemeji, umeiva!" Sikumwambia nimeivia wapi.

Sasa, kwa wale wasiojua mambo ya kwetu. Mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mkikutana njiani wewe ndiye unayetoka njiani, unasimama kwenye nyasi mpaka apite. Mkono humpi. Jina lake hulitaji, meza moja hamkai, na neno lako linamfikia kupitia kwa mtu mwingine. Unamwambia mke wako, "Mama aulizwe kama ameamka vizuri," na mama mwenyewe yuko hapo hapo anapepeta maharagwe, anasikia kila kitu, naye anamjibu binti yake, "Aambiwe nimeamka." Kama hakuna mtu wa kupitishia, kuna mifugo. Siku moja nilifika nikamkuta peke yake, ameinama na kuipa kisogo mvua iliyokuwa inakuja na mahindi yameanikwa nje, nikamgeukia ndama aliyefungwa pale nikamwambia, "Wewe, mwenye boma aambiwe mvua imefika." Akakimbia akaanua. Halafu akaja akamwambia yule ndama, "Mpe asante." Hivyo ndivyo tumeishi tangu nioe, na nawaambieni, yule mama ananipenda. Kwetu sisi ule umbali ndio mapenzi yenyewe.

Mzee wake, baba mkwe wangu, alifariki mvua za kupanda zilipoanza, duka langu limejaa watu mpaka barabarani. Nekesa alitangulia siku ile ile. Mimi ningefuata siku ya mazishi na fahali, kwa maana mkwe hafiki matangani mikono mitupu, lakini kabla ya hapo ilikuwa lazima niandike rambirambi kwenye kikundi, na niliogopa. Niliwaza watu wanalia, halafu Mwalimu Juma anafuta machozi aniulize habari ya kura.

Nikaenda nyuma ya magunia, nikaandika polepole: "Mama wa Nekesa apewe pole. Aambiwe mtu wa Kitale amesikia, na amelia. Aambiwe yuko njiani."

Nikatazama. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja! Nimefaulu peke yangu, na ningetuma hapo hapo leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Lakini chini ya maneno yote ulikuwepo mstari wa bluu, ambao sikuwa nimeuona siku nyingine, na programu ikaniambia ujumbe wangu unasikika baridi, tena wa kuzungukazunguka, je, niongee na msomaji moja kwa moja na kuongeza upendo? Wakati huo mteja anapiga meza kwa kiganja. "Hii mbegu iko ama haiko? Si utuambie twende, bana, mvua haitungoji!" Nikabonyeza Kubali Yote, nikatuma, nikaenda kumpimia mtu mbegu.

Kwenye kikundi hakuna aliyenisahihisha. Hakuna aliyejibu chochote, kwa kweli, nami nikasema moyoni wako kwenye msiba, wataandika nini. Simu ya Nekesa ilikuwa imezima, stima ilikuwa imepotea kwao. Wazee hawamo kwenye kikundi. Mwalimu alikuwa anazunguka kutafuta jeneza. Walioona ni vijana, na vijana wakiona kitu kama kile hawamwambii mtu, wanatumiana.

Siku ya mazishi nikafika na fahali wangu na marafiki wawili, tukasimama langoni kama inavyotakiwa, tungoje kupokelewa. Hema limejaa. Jeneza liko katikati limefunguliwa upande wa uso, na mama mkwe ameketi kwenye mkeka kando yake, leso begani, mkono mmoja juu ya ubao. Alikuwa ameketi hivyo tangu asubuhi, nilikuja kuambiwa, hajasema kitu. MC alikuwa kijana wa mjini aliyekodishwa pamoja na spika zake, na spika zilikuwa mbili, moja imeangalia hema na nyingine imeangalia kijiji.

"Na wakwe wa Kitale wamefika!" akasema. "Wapigiwe makofi kidogo. Kabla hawajakaa, wacha niwasomee rambirambi ya mkwe wetu, vijana wamenitumia kutoka kwa kikundi." Akasogeza simu karibu na macho. "Mama mpendwa, nakukumbatia kwa upendo mwingi. Nakuja nikushike mikono yako, uweke kichwa chako kifuani pangu, tulie pamoja."

Nilisikia maneno yale kama mtu anayesikia kesi ya jirani. Nikajiuliza ni mjinga gani ameandika hayo. Halafu nikaona marafiki zangu wote wawili wananitazama.

Shangazi mmoja wa Nekesa, mama mzito mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasema, "Ati nini? Hebu rudia hiyo." Na yule MC, akidhani imempendeza, akarudia, safari hii polepole, na "kifuani pangu" akaivuta kama wimbo.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Ningekaa kimya, ningeinama, ningerudi Kitale kwa miguu. Lakini mimi nilitaka kuichukua ile maikrofoni nieleze. Nikaachilia kamba ya fahali nikakimbia kuingia hemani, mikono mbele, nikipiga kelele, "Si mimi! Si mimi niliandika! Ni simu!" na MC alikuwa amesimama wapi? Amesimama nyuma ya jeneza. Na kati yangu na MC kulikuwa na nani? Watu hawakuona mtu anayekimbilia maikrofoni. Waliona mkwe, mikono imenyooshwa, anamwendea mama mkwe kutimiza alichoandika.

Akina mama waliinuka kwa nduru. Mmoja alinisukuma kifuani, wengine wakamfunika mama mkwe kwa leso mbili tatu, kichwa mpaka magoti, wakamwinua kutoka kando ya mume wake na kumkimbiza jikoni. Nakumbuka mkono wake ulivyokuwa wa mwisho kutoka kwenye ule ubao. Mwalimu Juma alinishika kola, uso wake umejaa machozi na hasira pamoja. "Shemeji! Leo? Siku ya mzee?"

"Mwalimu, ni programu, iliniambia niongeze upendo."

"Na wewe ukakubali?"

Wazee wakaniweka chini ya paa la zizi wakaanza kuniuliza maswali, simu yangu ikizungushwa mkono kwa mkono na watu ambao hawakuwa na miwani. Mmoja akaniuliza kama simu ina mama mkwe. Na muda wote huo mama hangeweza kutoka jikoni, kwa sababu mimi niko uani, na baada ya maneno yale angetokaje mbele yangu?

Halafu mvua ya Bungoma ikafika, ile isiyobisha hodi. Watu wakasema mzee asinyeshewe, fupisheni maombi, mfunikeni haraka, kaburi litajaa maji. Nikasikia misumari. Nikamwambia mzee aliyekuwa karibu nami, "Mama hajarudi, angojewe," lakini ni nani angenisikiza mimi siku ile? Nilipokuja kutolewa nje ya boma, nikiwa ng'ambo ya ua, nilimwona mama mkwe anatoka jikoni anakimbia kwenye matope, kandambili moja imebaki nyuma, na wakati huo wanaume walikuwa tayari wanarudisha udongo.

Ya wazee yaliisha. Nilitozwa mbuzi na shuka, nikatoa, maneno ya kurudisha heshima yakasemwa, wakala, na wengine walicheka hata siku hiyo. Nekesa alininyamazia mpaka mahindi yakaota, kisha siku moja akaniambia, "Baba Emma, twende nyumbani," nikajua ni kwao.

Tulimkuta amekaa mlangoni. Mimi nikasimama kwenye nyasi, mbali, uso upande wa zizi. Nikamwambia Nekesa, "Mama aulizwe kama ameamka."

"Aambiwe nimeamka," akasema. "Aambiwe sina hasira na yeye. Yeye ni mtoto wangu. Aambiwe tu kwamba nilikuwa na neno la mzee. Nilikuwa nangoja watu wapungue nimwambie kabla hajafunikwa. Sasa hilo neno niko nalo tu hapa."

Nekesa hakunirudishia maneno hayo. Hakukuwa na haja. Aliinama akaanza kung'oa nyasi zilizokuwa mbele ya mguu wake, moja moja. Mimi, mtu mwenye mdomo kama wangu, nikachukua maneno yale yale niliyokuwa nimeyaandika mwenyewe nyuma ya magunia, yasiyo na mstari mwekundu, ambayo hayakuwahi kumfikia.

"Mama wa Nekesa apewe pole," nilisema. "Aambiwe mtu wa Kitale amesikia, na amelia."

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akaitikia kwa kichwa kwamba amepokea.

Ile programu nilishaifuta. Siku hizi naandika kwenye kikundi na r zangu zote mahali pa l, nikimaliza nasoma neno kwa neno kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, na hata niwe na wateja mia mlangoni sitabonyeza tena kitu kinachosema Kubali Yote. Mwalimu Juma anaona makosa yangu yote na hajasahihisha hata moja. Lakini kila tukienda kwao, kabla hatujaondoka, naona mama anazunguka nyuma ya nyumba kwenda kaburini, anasimama, midomo haisogei, halafu anarudi kutuaga kwa mbali.