Kuku Ndani ya Ingobyi

Juzi nilikuta kuku wametaga ndani ya ingobyi, machela ya mtaa wetu ya kubebea wagonjwa. Hasira ilinipanda.

Mchana mmoja nikiwa mtoto, hapahapa Giteranyi, mama alikuwa analia kwa uchungu wa uzazi. Wanaume waliingia na ile ingobyi, ikinuka jasho na kamba mpya. Nikadhani wamekuja kumzika. Nikamng'ata mmoja mkono.

"Baba Ines, we hujabeba mtu hata siku moja," aliyeng'atwa alimwambia baba. "Hata binti yako iko na nguvu kuliko we. Shika mbele!"

Baba alibeba. Mama alifika hospitali mzima. Kamba zile, nilikuja kujua baadaye, zilitoka kwenye michango ya majirani.

Sasa zimeoza. Hakuna anayechanga, hakuna anayetoa bega. Na mimi tumbo limeshashuka, nitajifungua wakati wowote.