Sanduku Lisilo na Spika

Mume wangu alikuwa na mashine ya muziki ambayo kila mgeni aliidharau. Lilikuwa sanduku jeusi, zito kama jiwe la kusagia, lililokaa juu ya meza ndogo kwetu mtaa wa Ngezi, Bunia. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: pa kuhifadhi nyimbo, pa kuzisoma, pa kuzipa nguvu. Kila kitu isipokuwa spika. Ukitaka kusikia, unavaa kaske kubwa za ngozi masikioni, peke yako. Aliliagiza kupitia Aru, mji wa mpakani, akalingoja kama watu wanavyongoja mtoto. Majirani walipouliza mbona hakuleta kitu cha kuchezesha mtaa, alisema mtaa tayari una kelele za kutosha.

Humo aliweka mazoezi ya kwaya yetu ya kanisa, aliyoyarekodi mwenyewe. Aliimba besi, na alichelewa kila mstari. Mwanzoni mwa kila wimbo anakohoa kwanza, halafu anawaambia wenzake kwamba wanakimbia. Tangu azikwe, nilivaa kaske kila asubuhi kabla ya kuwasha makaa, nisikie kikohozi hicho tu. Nyumba ya kilio haiwashi redio. Mimi sikumsumbua mtu.

Siku ya kumaliza kilio, ukoo wake ulikuja kugawana vitu vyake, kama ilivyo desturi. Aliyeongoza ni kaka yake mkubwa kutoka Iga Barrière, ambaye mimi humwita Yaya, yaani mkubwa wetu. Koti likaenda, baiskeli ikaenda, viatu vikajaribiwa na kila mwenye mguu. Wakafika kwenye sanduku. Yaya akaliwasha, taa ikawaka. Akazungusha kitufe hadi mwisho. Kimya. Akaliwekea sikio kama daktari, akalipiga kofi ubavuni, kisha ubavu wa pili, asije akauonea mmoja.

“Macho iko nayo, mudomo ilikufa,” alisema. “Shemeji, bakia nayo. Utaweka maua juu.”

Watu wakacheka, wakageukia masufuria. Kaske zilikuwa chumbani, chini ya mto wangu. Ningenyamaza tu, sauti ya mume wangu ingebaki kwangu. Nililitaka sanduku lile kuliko vyote vilivyotoka mlangoni. Lakini nisingeweza kumsikiliza asubuhi huku nikijua nimewadanganya ndugu zake.

“Yaya, iko muzima,” nilisema. “Ngoja.”

Nikaleta kaske, nikapunguza sauti, nikamvua kofia, nikamvika. Kikohozi kilipofika nilikijua, maana mabega yake yalishuka. Halafu, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio, akasema:

“Hapana, mudogo wangu. Bale habakimbie. Ni weye iko nyuma.”

Kila mtu akataka zamu. Dada zake walipanga mstari, shangazi akajipenyeza mbele kwa kisingizio cha magoti, na masufuria yakasahaulika. Jua lilipoanza kushuka, Yaya alinirudishia kaske mkononi.

“Kitu ya mutu mumoja mumoja, tutaigawa namna gani? Ikae hapa. Siye tutakuwa tunakuja.”

Nao wanakuja kweli. Yaya akileta maharagwe Bunia, anapita kwangu kwanza, anavua kofia, anakaa. Mimi napika sombe, majani ya muhogo, na sisikii muziki hata kidogo. Nasikia tu Yaya akimgombeza mdogo wake, na kwa ugomvi huo najua wimbo umefika wapi.