Lupango Lililochipua

Harufu ya maua yale ya njano ni chungu, na ukishang'oa mimea yake kwa mikono haitoki hata kwa sabuni. Nikiwa msichana mdogo huku Panda, mjini Likasi, nililala nayo viganjani msimu mzima wa mvua. Nyuma ya nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi palikuwa na uwanja mtupu, udongo ulioachwa na kiwanda cha zamani, na kila kiangazi vumbi lake liliingia hadi kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu, na kumkohoza mdogo wangu Feli usiku kucha. Mama alichoka. Alimwomba chifu wa mtaa ruhusa, akapanda nyasi za kushika udongo na miche ya masuku, miti ya matunda ya porini. Mvua zilipoanza, magugu ya maua ya njano yakaota kwa fujo na kuifunika miche yote. Chifu akapita, akatikisa kichwa.

"Mama Odile, fasi hii iliisha kuwa pori," alisema, akimwita kwa jina langu. "Mvua ikiisha na iko hivi, nitaipatia muntu wa depo ya makala."

"Mvua ikiisha utakuta miti," Mama alijibu, akaendelea kung'oa.

Vumbi la makala, makaa ya kupikia, juu ya vumbi la udongo, na kifua cha Feli kile. Nilimchukia chifu yule kwa moyo wangu wote, na sioni sababu ya kujuta. Kila Jumamosi tulikagua uwanja kona kwa kona. Palipong'olewa gugu, Mama alichomeka kijiti chenye kitambaa cha kitenge kilichochakaa, ili wiki ijayo turudi palepale kuona kama limejaribu tena. Lilijaribu. Mizizi tuliianika juu ya bati la bafu mpaka ikakatika kama kuni kavu, na Mama aliigeuza kwa furaha ya mtu anayekaanga samaki.

Baba, aliyefanya kazi kiwandani Shituru, naye alitaka kusaidia. Mbuzi wa majirani walitafuna miche, basi akachukua mashina manene ya magugu yale tuliyokata, akayachomeka kuzunguka uwanja na kuyafunga kwa waya. Likawa lupango, uzio kama wa nyumba nyingine za kambini. Miti ya bure, nani angeitupa? Tulimpongeza. Haukupita muda lupango likachipua, na mvua zilipokaribia kuisha likajaa vichwa vya njano. Wapita njia walisimama kulisifu. Akina mama wa kanisani walisema watakuja kuchuma maua ya altare, maana Pentekoste imekaribia. Mama peke yake ndiye aliyeona kwamba vitambaa vyake vipya vyote vilikuwa kandokando ya lupango.

"Baba Odile, weye ulitufungia na mwizi mu lupango," alimwambia.

Baba aliomba tusubiri misa ipite, watu wasiseme. "Mbegu haitangoja misa," Mama alijibu. Wale akina mama walipofika na vikapu vyao, walimkuta na panga mkononi, lupango liko chini na maua yanaungua ndani ya pipa. Angeweza kuwapa shada moja. Hakutaka, kwa sababu maua ya altare hutupwa nyuma ya kanisa, na upepo wa nyuma ya kanisa unatujia sisi. Jumapili ile tulikaa benchi zima peke yetu, Mama ameinua shingo, akiimba kuliko kwaya. Tulifukuza mbuzi kwa fimbo mpaka Baba alipopata mabati chakavu ya kuzungushia uwanja. Kiangazi chifu akaja, akazunguka uwanja akitafuta gugu la kumshtakia mama yangu. Aliona miche myembamba na udongo safi. Akasema sawa, akaenda zake.

Leo Feli hakohoi, na wanangu wanagombania masuku ya uwanja ule. Lakini kando ya reli ni njano tupu, mbegu zinatujia kila mwaka, na chifu mpya ameanza kupita na watu wanaopima uwanja kwa macho. Majirani wananiambia magugu haya hayaishi, niache. Magoti ya Mama yamekataa kuinama, kwa hiyo anakaa kitini na kunielekeza kwa fimbo, na mimi nachana vitenge vyangu vya zamani. Juzi chifu aliniuliza nitang'oa mpaka lini. Nilimwambia aje mvua ikiisha. Atakuta miti.