Alipopiga Magoti Barabarani

Mume wangu Barnaba aliichukia baridi ya Eldoret kwa moyo wote. Tulikuwa wamishenari kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria, mahali ambapo hata kukaa kimya kunamtoa mtu jasho, na kila baada ya Krismasi tulikuja Huruma, mtaa wa Eldoret, kupumzika kwa Mama Njeri, fundi wa nguo aliyeshona kanzu zote za kanisa letu. Siku hiyo, mwaka wa uchaguzi, alikuwa akikaanga mandazi huku akimcheka Barnaba.

"Mwinjilisti, si uvae tu sweta yangu? Ni ya maua, lakini nani anakuangalia?"

Akaivaa. Tulicheka mpaka mandazi yakaungua. Watu walikuwa wameshapiga kura, redio ilikuwa ikisoma hesabu, na mimi nilichowaza ni kama mashua ya misheni ingekuwa imezibwa matundu tutakaporudi.

Mshindi alipotangazwa, mtaa ulibadilika. Mapaa ya upande wa chini yalianza kutoa moshi. Kosa la Mama Njeri lilikuwa kabila lake, lile la mshindi, basi. Alikuwa ameishi Huruma tangu ujana wake, na watoto wengi wa mtaa ule walivaa sare alizoshona yeye.

Asubuhi jirani yake, Mama Chebet, alipenya uzio wa nyuma.

"Mama Njeri, toka sasa hivi. Vijana wanaingia ploti kwa ploti, nyumba kwa nyumba. Wameshaulizia kwako."

Kituo cha polisi hakikuwa mbali, ila barabara ilikuwa na vizuizi. Kanisa letu lina desturi ya kupita mitaani kwa kanzu nyeupe, ngoma na nyimbo za Kijaluo, na watu wa Huruma walikuwa wametuzoea; tena Wajaluo hawakuwa wakiwindwa. Hata walevi walitupisha. Barnaba akatoa kanzu yangu ya pili. Mama Njeri akaivaa.

"Usiimbe," nikamwambia. "Piga makofi tu. Mimi nitaimba."

Alifungua kinywa aseme kitu, lakini Mama Chebet alikuwa tayari anatusukuma nje. Hofu yangu yote ilikuwa moja: wangemwambia aimbe peke yake, angekwama kwenye Kijaluo, nasi tungekwisha.

Mimi nilitangulia na ngoma, Mama Njeri katikati, Barnaba nyuma.

Kwenye kizuizi cha kwanza vijana walitupungia mkono. "Hao ni wale wa ngoma. Wacha wapite."

Kizuizi cha pili kilikuwa cha mawe na tairi lililowaka. Vijana walikuwa na mapanga na mishale.

Mmoja alimtazama Mama Njeri. Akamtazama tena.

Kando ya tairi ililala maiti ya mwanamume.

Kisiwani hakuna anayempita mfu. Wavuvi wakikuta mtu aliyezama, hata kama ni mgeni, hata kama nyavu zimejaa, husimamisha mashua wakamwombea kabla ya jambo lingine lolote. Barnaba aliwahubiria hilo miaka mingi, au labda wao ndio waliomhubiria.

Alisimama. Akapiga magoti kwenye lami.

"Barnaba, twende."

"Endeleeni na ngoma, Rispa."

Vijana wote wakamgeukia, pamoja na yule aliyekuwa akimtazama Mama Njeri.

"Mzee, unaombea nani? Huyu ni mtu wako?"

"Simjui," akasema. "Lakini amekufa."

Nilipiga ngoma. Nilimpiga Mama Njeri kikumbo ili atembee. Nyuma yetu sauti zilipanda. Sikugeuka.

Tulifika kituoni. Kesho yake wasamaria wema walimleta Barnaba kwa pikapu, chini ya turubai. Barabara ya Turbo, njia yetu ya kurudi, ilikuwa imefungwa, hatukuweza kumpeleka ziwani. Tulimzika Eldoret, na waliochimba kaburi hawakuwahi kumsikia akihubiri.

Nilirudi kisiwani kutumika peke yangu. Makanisa hunialika nitoe ushuhuda, nao hupenda kusikia kwamba mume wangu alijitoa kumwokoa Mama Njeri. Nasema hivyo, wanaimba haleluya, halafu nikifika nyumbani nakasirika. Ukweli siujui. Huenda alimwona yule kijana akitazama. Huenda hakuona chochote ila maiti, na angepiga magoti hata kama aliyekuwa hatarini ni mimi. Namjua Barnaba, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama Njeri hakurudi Huruma. Anaishi Nakuru kwa dada yake, na mwaka jana nilikwenda kumwona. Nilimkuta kwenye cherehani, anaimba ule wimbo tuliopita nao barabarani, kwa Kijaluo safi, ubeti kwa ubeti.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Miaka yote hiyo mkija kwangu kupimwa kanzu, si mlikuwa mnaimba?" Akasimamisha cherehani. "Ningeimba, Rispa. Siku ile nilikuwa tayari kuimba."

Nilivuta kiti, nikamshikia upande wa pili wa kitambaa, akaendelea kushona.